Ukingo wa jicho ambao ndugu anaweza kutoa

Watu wakisikia kwamba nilimpa mdogo wangu sehemu ya jicho langu, jambo la kwanza wanalofanya ni kunitazama usoni. Wanatafuta pengo. Wanaangalia jicho la kulia, wanahamia la kushoto, kisha wanauliza ni lipi. Hakuna anayelijua bila kuambiwa. Bado natunga uzi kwenye tundu la sindano bila miwani, na usiku naendesha gari kama kawaida. Mdogo wangu naye, aliyekuwa akishikwa mkono hata kwenda msalani, sasa anatoka nyumbani peke yake na kurudi peke yake.

Naandika kwa sababu karibu kila mtu niliyezungumza naye, wakiwamo watu wa afya, alidhani kwamba jicho la mtu haliwezi kumfaa mwenzake mpaka mwenye jicho afariki. Kwa konea nzima, kwa kawaida ni kweli. Lakini ipo sehemu moja ndogo ambayo mtu aliye hai anaweza kuitoa na akaendelea kuona, na kwa mtu aliyeungua macho yote mawili, sehemu hiyo ndiyo inayotangulia kabla ya konea yenyewe. Nasi hatukuijua mpaka tulipokuwa tumekwisha kuanza kuchangishana fedha kwa ajili ya upasuaji usiofaa.

Mdogo wangu alikuwa akitengeneza sabuni za mche na kuziuza madukani mtaani kwetu Tanga. Kazi hiyo inalisha familia nyingi, na mali ghafi yake kubwa ni kostiki soda. Kostiki inatakiwa itiwe kidogo kidogo ndani ya maji mengi. Maji yakimiminwa juu ya kostiki iliyorundikana ndooni, joto hupanda ghafla na mchanganyiko huruka. Siku ile uliruka ukampata usoni, macho yote mawili.

Sabuni ni mafuta yaliyokutana na kostiki. Tando zinazofunika seli zetu nazo zimejengwa kwa mafuta. Kwa hiyo kinachotendeka ndani ya ndoo ndicho kinachotendeka jichoni: kostiki inageuza mafuta ya tando hizo kuwa sabuni, inajifungulia njia, na inazidi kuzama hata baada ya mtu kuacha kupiga kelele. Tindikali, kama ile ya betri ya gari, mara nyingi hugandisha protini za juu, na mgando huo huizuia kidogo isiingie ndani. Kostiki haina kizuizi. Amonia ni mbaya zaidi kwa kasi yake. Chokaa ya kujengea na kupakia kuta, ambayo Waswahili wa pwani tumeishi nayo karne na karne, ina hatari ya namna yake: vipunje vyake hujificha chini ya kope ya juu na kuendelea kuunguza huku watu wakidhani jicho limekwisha oshwa.

Hapa nitasimama kidogo, maana hakuna upandikizaji wowote duniani unaoweza kushindana na ndoo ya maji safi katika dakika zile za kwanza. Maji, mengi, papo hapo, kabla ya bodaboda, kabla ya kupiga simu kwa ndugu. Mlaze mtu chali au mwinamishe chini ya bomba, mfumbue jicho kwa vidole hata akikataa, mimina maji yatiririke nusu saa au zaidi, igeuze kope ya juu na uondoe vipunje kwa kitambaa safi kilicholowa. Ndipo mwende hospitali, na mkifika huko waendelee kuosha. Mdogo wangu alimwagiwa maji kidogo usoni, mtu mmoja akaleta maziwa, mwingine akaharakisha kutafuta usafiri. Wote walikuwa wanampenda. Kostiki ilipata muda wote iliouhitaji.

Kesho yake macho yake yalikuwa meupe, bila wekundu, na sisi tukashukuru. Baadaye daktari alitueleza kwamba weupe ule ndio uliomwogopesha yeye. Jicho jekundu lina mishipa ya damu inayofanya kazi. Jicho lililoungua na kuwa jeupe pe huenda mishipa yake imekufa, na ukingo umekufa pamoja nayo. Madaktari huuzunguka ukingo huo wakiugawa kwa saa kumi na mbili kama saa ya ukutani, wanahesabu ni saa ngapi zimeungua. Jicho la kulia la mdogo wangu zilikuwa zote. La kushoto zilibaki chache sana, nazo hazikudumu.

Ukingo huo ni kitu gani? Konea ni ile sehemu ya mbele ya jicho iliyo wazi, ambayo wengi huita kioo cha jicho. Unene wake katikati ni kama nusu milimita. Haina mshipa wa damu hata mmoja, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupitisha mwanga. Juu yake kuna ngozi laini ya seli, tabaka tano hadi saba tu, na ngozi hiyo inakufa na kuzaliwa bila kupumzika: ndani ya wiki moja hadi siku kumi hivi inakuwa imebadilika yote. Kila tunapopepesa macho, seli kuukuu zinaondoka na machozi.

Seli mpya hazitoki katikati ya konea. Zinatoka pembeni, pale weupe wa jicho unapokutana na konea, mahali ambapo hospitalini huitwa limbasi. Mwaka 1971 watafiti wawili wa Norway, Davanger na Evensen, walipendekeza katika jarida la Nature kwamba chanzo ni pale. Mwaka 1986 Schermer, Galvin na Sun wa New York walileta ushahidi wa protini kwamba seli za pembeni ndizo changa kabisa, na za katikati ni watoto wao waliokwisha kukomaa. Kwa wengi wetu watu weusi mahali hapo panaonekana kwa macho matupu: simama mbele ya kioo, vuta kope ya chini, utaona pete ya hudhurungi inayoizunguka konea. Ndani ya pete hiyo, hasa juu na chini, mna vituta vidogo vidogo vilivyojipanga kama matuta ya kitalu, navyo vinaitwa matuta ya Vogt. Seli shina zinakaa humo. Zinagawanyika taratibu, na watoto wao wanatembea kuelekea katikati na kupanda juu, maisha yetu yote.

Pete hiyo ina kazi ya pili ambayo mimi sikuijua: ni mpaka. Ule utando unaofunika weupe wa jicho, konjaktiva, una mishipa ya damu, na ukipewa nafasi hupenda kusambaa. Ukingo ukiwa hai unauzuia. Ukingo ukifa, utando unavuka pamoja na mishipa yake na kuifunika konea. Ndicho kilichompata mdogo wangu miezi iliyofuata. Kidonda kilikuwa kinafunga na kufunguka, mwanga ulimchoma kiasi kwamba alikaa chumbani na kanga usoni, kisha jicho likafunga utando mwekundu mzito. Akawa anatambua mchana na usiku, basi.

Sisi tukasema: apandikizwe konea. Kundi la WhatsApp la ukoo lilishaanza kuchanga, na kila mmoja alikuwa na habari ya mtu aliyebadilishiwa konea akaona. Daktari bingwa tuliyepelekwa kwake ndiye aliyetuzuia. Alisema konea ya marehemu huja na ngozi yake ya juu, lakini ngozi hiyo si ya kudumu. Baada ya muda inachakaa, na anayetakiwa kuleta nyingine ni ukingo wa mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa asiye na ukingo atapewa konea safi leo, nayo itapata vidonda, itafunikwa na utando uleule, na mwili utapata njia ya mishipa ya damu ya kwenda kuikataa. Mtatumia fedha, alisema, na mtapoteza konea ambayo ingemfaa mtu mwingine.

Nilisoma baadaye kwamba upandikizaji wa kwanza wa konea uliofaulu kwa binadamu, uliofanywa na Eduard Zirm tarehe 7 Desemba 1905 katika mji wa Olomouc, ambao leo uko Jamhuri ya Czech, ulikuwa wa kibarua aliyeungua macho yote mawili kwa chokaa. Jicho moja lilishika, jingine halikushika. Karne nzima imepita na kuungua kwa chokaa na kostiki bado ni miongoni mwa majeraha magumu kwa madaktari wa macho. Zirm hakuwa na namna ya kujua habari za seli za ukingo.

Aliyeungua jicho moja ana bahati ndani ya msiba wake, kwa kuwa jicho lake lingine linaweza kuliokoa hilo. Kenyon na Tseng walionyesha njia hiyo mwaka 1989: vipande vya ukingo wa jicho zima vinahamishiwa kwenye jicho bovu. Mwaka 1997 Graziella Pellegrini na wenzake wa Italia walichukua kipande kidogo zaidi, wakaziotesha seli maabara mpaka zikawa shuka la kutosha kufunika konea yote. Kazi yao iliyochapishwa mwaka 2010 ilikuwa na wagonjwa 112, na kwa asilimia 76.6 ya macho konea ilirudi kuwa safi na kudumu. Mwaka 2015 Ulaya ikairuhusu tiba hiyo kwa jina la Holoclar, tiba ya kwanza ya seli shina ya aina yake kuruhusiwa huko. Nilipoyasoma hayo moyo uliruka, kisha ukatulia. Zote hizo zinataka angalau sehemu ndogo ya ukingo mzima wa mgonjwa mwenyewe. Mdogo wangu hakuwa nayo.

Kwa hiyo ni lazima seli zitoke kwa mtu mwingine, na hapo mambo mawili yanaingia: mtu huyo ni nani, na mwili wa mgonjwa utampokeaje.

Katika mji wa Cincinnati, Marekani, daktari Edward Holland na wenzake wameifanya kazi hii tangu miaka ya 1990. Njia yao moja ni kuchukua pete ya ukingo kutoka macho ya marehemu. Nyingine ni kuchukua vipande vya konjaktiva pamoja na ukingo kutoka kwa ndugu aliye hai. Mwaka 2011 walieleza namna ya kuziunganisha mbili hizo kwa macho yaliyoharibika kupita kiasi. Jambo lililonigusa katika kazi yao ni kwamba waliketi na madaktari wa kupandikiza figo wakajifunza kwao jinsi ya kutuliza kinga ya mwili. Walikubali kwamba kipande kidogo cha jicho kinataka nidhamu ileile ya figo.

Sababu yake ni ileile mishipa ya damu. Konea hukaa mbali na damu, na askari wa mwili hawaioni kwa urahisi. Ndiyo maana watu wengi hupandikizwa konea ya mtu wasiyemjua bila kulinganisha damu na wakatumia dawa za matone tu. Ukingo uko palepale damu inapopita, na umejaa seli za ulinzi. Mwili unaugundua upesi kwamba ni mgeni. Kwa hiyo wanatafuta mtoaji anayefanana na mgonjwa katika kundi la damu na katika zile alama za kinga ziitwazo HLA. Kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kabisa na mgonjwa katika alama hizo. Mzazi na mtoto hushirikiana nusu.

Kaka yetu mkubwa ndiye aliyejitolea kwanza, bila kufikiri mara mbili. Vipimo vikaonyesha kwamba mimi ndiye ninayefanana zaidi na mdogo wetu. Wakapima pia virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, kwa sababu chochote nilicho nacho ningempelekea. Wakayapima macho yangu kwa kirefu, maana jicho lenye ugonjwa wa uso wake au lenye presha ya macho halifai kutolewa kitu.

Mama hakutaka. Aliniambia, “Mwanangu, nyote ni wangu. Nikikuruhusu halafu macho mawili yaliyopofuka yakawa manne, nitakwenda kumlilia nani?” Sikuwa na jibu la kumpa kwa kichwa changu, nikampigia daktari simu na kuweka sauti nje ili aulize mwenyewe. Akauliza kila kitu. Daktari akamjibu kwa heshima, “Mama, hakuna upasuaji usio na hatari, anaweza kupata maambukizi au kovu. Lakini tunachukua eneo dogo la pete, na seli jirani za pale zilizo hai zitalijaza.” Shehe wa msikiti wetu alipoulizwa, alitaka kujua kitu kimoja tu, kama anayetoa atadhurika. Mume wangu aliuliza kilekile kwa maneno mengine. Nayaheshimu maswali yao yote. Mtu asikubali kutoa kwa kuona haya mbele ya ukoo, na daktari mzuri atamwita mtoaji peke yake amuulize kama kweli anataka. Mimi niliitwa, nikasema nataka.

Tulikwenda kusini mwa India, kama wanavyokwenda wagonjwa wengi kutoka kwetu. Njia tuliyofanyiwa ilianzia Hyderabad, katika taasisi ya macho ya LV Prasad, ambako Virender Sangwan na wenzake waliieleza mwaka 2012. Ninaieleza kwa kirefu kwa sababu urahisi wake ndio unaonipa matumaini kwa hospitali zetu.

Kwangu mimi ilikuwa sindano ya ganzi na muda mfupi. Chini ya kope ya juu, mahali ambapo hata nikitoa macho hapaonekani, walikata kipande cha milimita mbili kwa mbili chenye konjaktiva kidogo na ukingo. Basi. Jicho liliwasha na kuwa jekundu, nikaweka matone, likapona.

Kwa mdogo wangu waliubandua utando wote uliokuwa juu ya konea, polepole, wakizuia damu. Kisha wakatandika utando wa chupa ya uzazi, ule ambao akina mama waliojifungua kwa upasuaji huutoa kwa hiari yao na ukapimwa na kuhifadhiwa. Utando huo hupunguza uvimbe na kuzipa seli mahali pa kushika. Wakaubandika kwa gundi ya fibrini, iliyotengenezwa kwa protini za damu. Kile kipande changu wakakikatakata vipande vidogo kama nane hadi kumi, wakavipanga kwa duara juu ya utando, wakiacha katikati wazi mahali pa kuonea, tena gundi, na mwisho lenzi laini ya kulinda. Hakuna maabara ya kuotesha seli. Jicho lenyewe ndilo linaloziotesha.

Siku zilizofuata walikuwa wakitia rangi ya njano ambayo chini ya taa ya bluu hung'aa kijani pale ngozi inapokosekana. Niliruhusiwa kutazama kwenye skrini. Kila nilipotazama, kijani kilikuwa kimepungua. Seli zilikuwa zinatoka kwenye kila kipande na kukutana. Kwa kawaida katika muda wa wiki mbili hivi konea huwa imefunikwa, na ndivyo ilivyokuwa kwake. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa rangi kama nilivyofanya pale.

Niseme wazi: matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 ya njia hiyo, wagonjwa 125 na mafanikio ya asilimia 76, yalikuwa ya watu waliopewa seli za jicho lao wenyewe. Seli za ndugu hazina utulivu huo, kwa kuwa juu yake kuna suala la kukataliwa. Na jicho kavu ni adui mkubwa. Kabla ya yote walimwekea karatasi nyembamba kwenye kope ya chini kupima machozi, kwa sababu seli zikipandwa jichoni pasipo machozi hufa. Kope zisizofunga vizuri nazo hutengenezwa kwanza.

Sehemu ngumu ilianza tuliporudi nyumbani. Mdogo wangu anameza takrolimasi na mikofenoleti, na prednisoloni iliyopunguzwa taratibu mpaka ikaachwa, mbali na matone. Dawa hizo zinaituliza kinga ya mwili mzima kwa ajili ya duara moja dogo jichoni. Kwa hiyo anapimwa figo, ini, sukari, presha na chembe nyeupe za damu, na alipimwa kifua kikuu kabla ya kuanza, jambo ambalo katika nchi zetu halipaswi kurukwa kamwe. Kiwango cha takrolimasi kwenye damu kinatakiwa kisizidi na kisipungue. Kwetu upande wa Muheza kuna michungwa na mibalungi. Akaambiwa machungwa ruhusa, balungi asiliguse, kwa kuwa linapandisha dawa hiyo mwilini. Kuna wakati dawa iliadimika hata Dar es Salaam, nasi tukazunguka duka baada ya duka huku tukihesabu vidonge vilivyobaki. Atakayewaeleza habari ya upandikizaji huu bila kuwaeleza habari ya dawa hizi hajawaeleza kitu. Nimekutana na familia zilizojiandaa kwa nauli na upasuaji, na hazikuwa zimeambiwa kwamba dawa ni za miaka.

Na bado nasema ilistahili. Lakini mtu kijana asiye na ugonjwa mwingine ndiye anayeweza kuzibeba dawa hizo. Mzee mwenye sukari na figo zilizochoka, daktari mwadilifu anaweza kumwambia asifanye, na huenda yuko sahihi.

Kuna jambo la kisayansi ambalo huwa nalirudia usiku nikikosa usingizi. Mwaka 2005 Sheraz Daya na wenzake nchini Uingereza walichunguza DNA kwenye macho ya watu waliopewa seli za ukingo za watu wengine zilizooteshwa maabara. Baada ya miezi 9 hawakuipata tena DNA ya mtoaji, ilhali mengi ya macho hayo yaliendelea kuwa mazuri. Watafiti wengine, kwa waliopewa vipande vya ukingo wenyewe, wamezikuta seli za mtoaji hata baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo inawezekana seli zangu bado zinazaa juu ya jicho la mdogo wangu. Inawezekana pia zilikwisha kuondoka, baada ya kutuliza moto, kusukuma mishipa nyuma, na kuziamsha seli zake chache zilizokuwa zimejificha mahali ambapo hakuna aliyeziona. Vyovyote iwavyo mimi nimeridhika. Lakini nalitaka jibu, kwa sababu kama seli zangu hazipo tena, je, dawa zote hizo anazimezea nini? Hilo ni swali la haki kumuuliza daktari kila mwaka, na kupunguza dozi ni uamuzi wa daktari, si wa mgonjwa aliyechoka.

Njia za kukwepa dawa hizo zinatafutwa. Mwaka 2004 Kohji Nishida na wenzake wa Japani walitumia seli za ndani ya mdomo wa mgonjwa mwenyewe, zilizooteshwa na kuwekwa juu ya konea. Mwili hauzikatai, ila mara nyingi mishipa ya damu huzifuata. Baadaye Nishida, akiwa Osaka, aligeukia seli za iPS, yaani seli zilizokomaa zikarudishwa utotoni, jambo ambalo Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwamba linawezekana, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Seli za mtoaji mwenye afya zikarudishwa nyuma, zikaongozwa kuwa ngozi ya konea, zikapandikizwa kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 2019. Matokeo ya wagonjwa wanne yalichapishwa katika The Lancet mwaka 2024: katika miaka miwili hakuna uvimbe wa saratani uliotokea, na watatu kati yao uoni wao uliendelea kuwa bora. Wanne ni wachache. Ila ni watu waliokuwa kama mdogo wangu, na wazo kwamba siku moja shuka la seli litatoka kwenye akiba bila kumgusa ndugu yeyote linanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Hatuhitaji kuisubiri siku hiyo, lakini. Chumba cha upasuaji, darubini, utando wa uzazi uliohifadhiwa vizuri, gundi, daktari wa konea aliyefundishwa, na mahali pa kupima damu: hivyo vyote vinaweza kupatikana Moshi, Dar es Salaam au Nairobi. Wenye haja wapo. Kuna wanaoungua kwa kostiki, chokaa na tindikali. Kuna watoto wenye mzio mkali wa macho uliosugua ukingo miaka na miaka. Kuna wanaofanyiwa upasuaji wa saratani ya uso wa jicho, ambayo Afrika Mashariki inayo kwa wingi, na ukingo ukaondoka pamoja na uvimbe. Kuna walioungua ngozi na macho kutokana na mwili kuzikataa dawa kama Septrini au nevirapini, ingawa hao, kwa ukavu wa macho yao, ndio wagonjwa wagumu kuliko wote. Nataka wizara zetu za afya zilipe kundi hili nafasi kwenye mipango ya afya ya macho, pamoja na dawa za kutuliza kinga ambazo tayari zinaagizwa kwa waliopandikizwa figo.

Mdogo wangu kwa sasa anatambua sura za watu na kusoma vibao vikubwa vya daladala. Ndani ya konea bado kuna kovu, na madaktari wanafikiria kumpandikiza konea ya marehemu, sasa ambapo kuna ukingo wa kuilinda. Jicho la kushoto bado halijaguswa. Sabuni hatengenezi tena. Anauza, na amewanunulia vijana anaofanya nao kazi miwani ya kukinga macho, na pipa la maji linakaa mlangoni likiwa limejaa.

Kama kuna mtu wenu aliyepofuka kwa kuungua, kabla ya kuchangia konea mwulizeni daktari wa macho ukingo umebaki kiasi gani kwa kila jicho, kama machozi yapo, na kama kope zinafunga. Jicho moja likiwa zima, ndugu hahitajiki, kwa kuwa mtoaji bora ni mgonjwa mwenyewe. Yakiwa yameharibika yote mawili, waiteni ndugu wa baba na mama wakapimwe, na siku hiyohiyo mwulizeni mfamasia takrolimasi ya mwezi mmoja inagharimu kiasi gani.